Bow Wow Wow na ngoma za Burundi: miaka mitatu ya bendi iliyofunzwa na santuri

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa Makamba, Burundi, nimekulia Kigoma, na sasa ni dereva wa malori. Juzi usiku nikiwa safarini nilimsikia mtangazaji akisema redioni kwamba bendi moja ya Uingereza ya miaka ya themanini, Bow Wow Wow, ilijengwa juu ya ngoma za Burundi, kisha akapiga wimbo wao wa I Want Candy. Nimeusikiliza mpaka mwisho na sikuzisikia ngoma zetu. Je, ni kweli walizitumia? Na kwa nini bendi iliyovuma namna hiyo ilidumu miaka mitatu tu?"

Marahaba, ndugu yangu. Sikio lako halikukudanganya, na mtangazaji naye hakusema uongo. Ndani ya I Want Candy hakuna ngoma ya Burundi, kwa kuwa mdundo wa wimbo ule una asili nyingine ambayo nitaifikia. Hata hivyo bendi yenyewe, tangu ilipoanza mazoezi mwaka 1980, iliwekewa mbele rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi na kutakiwa ianzie hapo. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja. Bow Wow Wow iliundwa na mtu mwenye mawazo mengi aliyekuwa akitafuta watu wa kumbebea mawazo hayo: ngoma za Burundi zilikuwa wazo mojawapo, mwimbaji mtoto lilikuwa wazo jingine, na kaseti lilikuwa la tatu. Waliochaguliwa kubeba walitokea kuwa wanamuziki hodari kuliko mzigo wenyewe, wakawa bendi ya kweli, na bendi ya kweli inahitaji ulezi ambao mwanzilishi wake hakuwa na nia ya kuutoa.

Niruhusu nianze na ngoma, maana ndizo zilizokufanya uandike. Mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya utawala wa kifalme kufutwa nchini Burundi, wataalamu wawili wa Kifaransa, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki wa nchi ile kwa ajili ya Ocora, lebo iliyotokana na redio ya taifa ya Ufaransa. Santuri ilitoka mwaka 1968. Ilikuwa na sauti za inanga, ala ya nyuzi ya huko, nyimbo za kunong'ona, salamu za wanawake, na pia kipande kimoja cha wapiga ngoma wapatao 25 wakizipiga kwa pamoja. Huna haja ya kuelezwa na mimi kwamba katika Kirundi neno ingoma hutaja ngoma na hutaja ufalme pia, wala kwamba mti unaochongwa, ambao sisi huku tunauita mringaringa, nyumbani kwenu huitwa umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme. Wasomaji wengine, hata hivyo, wanapaswa kujua kwamba kilichonaswa katika utepe ule hakikuwa muziki wa kuchangamsha sherehe yoyote tu. Zilikuwa ngoma zilizopigwa kwa ajili ya mwami, yaani mfalme, na kwa ajili ya umuganuro, sikukuu ya mtama, na walioruhusiwa kuzipiga walitoka katika koo maalumu zilizorithishana kazi hiyo. Kilima cha Gishora, karibu na Gitega, ambako mwami Mwezi Gisabo aliweka makao ya ngoma katika karne ya 19, bado kinazitunza mpaka leo.

Miaka mitatu baadaye mwanamuziki mmoja wa Ufaransa, Mike Steiphenson, aliichukua rekodi hiyo ya ngoma, akaipachikia kinanda na magitaa juu yake, akaitoa kama wimbo wa dansi kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1971 wimbo huo ulifika nafasi ya 31 katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, naye alitumia rekodi ya ngoma za Burundi kama msingi wa wimbo wake wa The Jungle Line. Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya sabini ngoma zile zilikuwa zimekwisha kutembea sana Ulaya na Marekani, zikiwa zimejitenga na watu waliozipiga, na yeyote mwenye santuri angeweza kuzitumia. Majina ya wale wanaume 25 hayakuwa sehemu ya biashara hiyo, wala mapato yake hayakuwafikia.

Sasa aingie Malcolm McLaren. Huyu ndiye aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, bendi ya panki iliyovunjika Januari 1978, na pamoja na mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood alikuwa na duka la nguo katika barabara ya King's Road, London. Muziki uliofuata panki uliitwa wimbi jipya: ulibakiza ufupi na ukali wa panki, lakini uliruhusu vinanda, rege, dansi, mavazi ya kupendeza, na hamu kubwa ya sauti kutoka nchi nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1979 kijana mmoja aitwaye Adam Ant, aliyekuwa na bendi ya Adam and the Ants isiyosonga mbele, alimlipa McLaren pauni 1,000 ili amshauri. McLaren alimpa ushauri, ikiwamo kaseti ya nyimbo za kujifunzia ambayo ndani yake zilikuwamo ngoma za Burundi. Kisha, Januari 1980, akawashawishi wanamuziki watatu wa Adam wamwache mwajiri wao na kumfuata yeye. Hao walikuwa Matthew Ashman wa gitaa, Leigh Gorman wa besi, na David Barbarossa wa dramu.

Adam aliachwa na jina la bendi na ile kaseti. Hakukaa kulia. Alimpata mpiga gitaa Marco Pirroni, akaweka wapiga dramu wawili jukwaani ili uzito wa ngoma usikike, na album yake ya Kings of the Wild Frontier, iliyotoka Novemba 1980, ikawa ndiyo iliyouzwa kuliko nyingine zote Uingereza mwaka 1981. Ukitaka kusikia mdundo wa Burundi ulivyoigwa kwa namna iliyo wazi zaidi katika muziki wa Waingereza, utausikia kwake kabla ya kuusikia kwa Bow Wow Wow. Ni jambo la kusikitisha kwa wale watatu: waliondoka wakidhani wamelibeba wazo pamoja nao, na aliyebaki nyuma ndiye aliyelifikisha sokoni kwanza.

McLaren alihitaji mwimbaji. Alimpata msichana aliyekuwa akifanya kazi siku za Jumamosi katika duka la dobi kaskazini mwa London, akiimba kwa kufuatisha redio. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Myant Myant Aye. Alizaliwa Rangoon, Burma, Oktoba 1966, baba Mburma na mama Mwingereza, na alikuwa na umri wa miaka 13. Jukwaani akaitwa Annabella Lwin. Naomba uutunze umri huo kichwani tunapoendelea, kwa sababu kila nitakachokisimulia kuanzia hapa, mafanikio na fedheha, kilimpata mtoto ambaye bendi ilipovunjika alikuwa hajatimiza miaka 17.

Wimbo wao wa kwanza, C30, C60, C90, Go, ulitoka Julai 1980 kwa kampuni ya EMI. Wewe wa Kigoma hutakosa kuzikumbuka namba hizo: kaseti ya nusu saa, ya saa moja, na ya saa moja na nusu. Wimbo unamhusu msichana anayezunguka na redio kaseti akirekodi nyimbo hewani bila kununua santuri, na unamsifu kwa kufanya hivyo. Ulitolewa pia katika kaseti, na kwa kawaida hutajwa kuwa wimbo mmoja wa kwanza duniani kuuzwa namna hiyo. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki wa miaka ile jambo hilo halina ajabu yoyote. Muziki wa Kongo, taarabu na dansi ulitufikia kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na duka la kunakilia lilikuwa kila mtaa wenye stendi ya basi. Lakini London makampuni ya kurekodi yaliona kunakili nyumbani kuwa wizi, na mwaka uliofuata yaliendesha kampeni kubwa ya kudai kwamba kunakili nyumbani kunaua muziki. EMI, ambayo Januari 1977 ilikuwa imewafukuza Sex Pistols wa huyu huyu McLaren, ilijikuta ikiuza wimbo unaowafundisha wateja wasinunue bidhaa zake. Ulifika nafasi ya 34. Novemba mwaka huo huo wakatoa nyimbo nane katika kaseti pekee, bila santuri, kwa jina la Your Cassette Pet. Bei yake ilikuwa chini ya pauni mbili, na kwa kuwa haikuwa santuri kubwa wala ndogo, waandaaji wa chati waliiweka katika orodha ya nyimbo moja moja, ambako ilifika nafasi ya 58. Mapema mwaka 1981 wimbo uliofuata haukufua dafu, na EMI ikaachana nao.

Hapa naomba nikae kidogo juu ya upigaji wenyewe, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza, na ndicho kinachonifanya niirudie bendi hii baada ya miaka mingi ya kuisikiliza. Dramu ya kawaida ya bendi ya roki huongozwa na mambo matatu: mguu kwenye ngoma kubwa, fimbo ya kushoto kwenye ngoma ndogo yenye nyuzi, na fimbo ya kulia kwenye toazi linalohesabu muda bila kukoma. Barbarossa aliyaweka matoazi pembeni. Mikono yake yote miwili aliipeleka kwenye tomu, zile ngoma nene za kati na ya chini inayosimama sakafuni, akazizungusha kwa kasi ambayo hata leo wapiga dramu vijana huishindwa baada ya dakika mbili. Ukimsikiliza kwa spika kubwa utagundua kwamba ile ngoma ndogo, ambayo katika roki hupiga kiitikio cha kila mapigo mawili kama makofi ya wasikilizaji, kwake huja kama alama ya kituo tu, mwisho wa sentensi. Muda hauhesabiwi na toazi. Unahesabiwa na ngozi. Huo ndio mchango wa Burundi katika muziki wao, na unatokana na kuisikiliza santuri na kujifunza kwa mikono, tofauti kabisa na Steiphenson aliyeibandika rekodi yenyewe.

Juu ya mdundo huo Gorman hakupiga besi ya kusindikiza. Alizichapa nyuzi kwa kidole gumba, akaifanya besi iwe mdundo wa pili, na kwa kuwa hakukuwa na kinanda wala mpiga gitaa la pili, nafasi kubwa ilibaki tupu katikati. Ashman aliijaza nafasi hiyo kwa gitaa lenye mlio wa mwangwi unaofanana na magitaa ya nyimbo za ufukweni za Marekani za miaka ya sitini. Watatu hao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, na katika bendi zote za wimbi jipya nilizozisikiliza sidhani kama kuna watatu waliopiga pamoja vizuri kuliko wao kwa vifaa vichache namna ile. Nasema hivi kwa kuwa maandiko mengi juu ya Bow Wow Wow hutumia kurasa nzima kumjadili McLaren na nusu ya mstari kuwataja wanamuziki.

Baada ya EMI walichukuliwa na kampuni ya RCA. Album yao ya kwanza kamili ilitoka Oktoba 1981 ikiwa na jina refu linaloanza See Jungle! See Jungle! Mavazi yao yalitoka kwa Westwood, aliyekuwa ameanza mtindo wa maharamia wa baharini: mashati mapana, mikanda, rangi ya dhahabu na nyekundu. Katika mawazo ya McLaren haramia, Mhindi Mwekundu wa Marekani, mpiga ngoma wa Burundi na mtoto mtoro wa shule walikuwa kitu kimoja, yaani binadamu asiyetawaliwa. Ni wazo linaloweza kumvutia kijana wa London, lakini kwako wewe uliyezaliwa Makamba ni tusi, hata kama halikukusudiwa, kwa kuwa ngoma ya Burundi ilikuwa chombo cha dola, yenye sheria zake, walinzi wake na vyeo vyake, na hakuna kitu kilichokuwa mbali na utoro wa porini kuliko hicho.

Lililo zito zaidi ni jalada la album hiyo. McLaren aliagiza picha ya kuigiza mchoro wa Édouard Manet wa mwaka 1863, na katika kuigiza huko Annabella, mwenye miaka 14, aliwekwa katika hali ambayo mtoto hapaswi kuwekwa mbele ya kamera. Mama yake alikwenda kulalamika polisi, Scotland Yard. Wapo waandishi wanaolisimulia jambo hili kama kisa cha ujanja wa biashara. Mimi naliona kuwa ni kosa la watu wazima dhidi ya mtoto, na naamini ufa uliokuja kuipasua bendi ulianzia hapo. Katika kipindi hicho hicho McLaren alijaribu kumwingiza mwimbaji wa pili, kijana aliyepewa jina la jukwaani la Lieutenant Lush. Alipanda jukwaani nao mara chache, kisha akaenda kuunda bendi yake. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Boy George wa Culture Club.

Mafanikio yalikuja mwanzoni mwa mwaka 1982, wakati Go Wild in the Country ulipofika nafasi ya 7 Uingereza. Ukiwa na nafasi ya kusikiliza wimbo wao mmoja tu, sikiliza huo badala ya ule ulioupata redioni. Ngoma ziko mbele, besi inabishana nazo, na Annabella anaimba kwa sauti ya mtoto anayekimbia, akikosa pumzi mahali panapostahili. Hapo utaisikia rekodi ya mwaka 1967 ikipita kwa mbali, kama mtu anayesimulia kwa lugha yake habari aliyoisikia kwa lugha nyingine.

I Want Candy ulifuata katika kiangazi cha mwaka huo. Wimbo huo si wao. Uliimbwa kwanza mwaka 1965 na kundi la Marekani lililojiita The Strangeloves, ambao walikuwa watunzi watatu wa New York waliojifanya ndugu wafuga kondoo kutoka Australia. Mdundo wake ni ule unaoitwa kwa jina la Bo Diddley, mwanamuziki mweusi wa Chicago: mapigo matatu yaliyoachana, kituo kifupi, kisha mapigo mawili. Wamarekani weusi waliupiga kwa viganja juu ya mapaja na kifua muda mrefu kabla haujaingia studio, na mpenzi yeyote wa rumba ya Kongo ataufahamu mara moja, kwa maana ni jamaa wa karibu wa ile klave ya vijiti viwili iliyovuka bahari kwenda Kuba na kurudi Kinshasa kwa santuri. Kwa hiyo ulichokisikia usiku ule ndani ya lori kilikuwa na damu ya Afrika, ila kilipita njia ya Magharibi na Atlantiki, hakikupita Gitega. Ndiyo maana hukuzitambua ngoma zenu.

Kampuni ndiyo iliyoutaka wimbo huo. Iliwapa mtayarishaji wa Kimarekani, Kenny Laguna, aliyekuwa akifanya kazi na mwimbaji wa roki Joan Jett, ili wapate kitu cha kuuza Marekani. Uingereza ulifika nafasi ya 9. Marekani ulifika nafasi ya 62 tu, lakini kituo cha televisheni cha MTV, kilichoanza Agosti 1981 na kilichokuwa na njaa ya video za Waingereza, kiliirusha video yake ya ufukweni mara nyingi kiasi kwamba watu wengi hukumbuka wimbo huo kana kwamba uliongoza chati. Tangu hapo Bow Wow Wow ikajulikana kwa wimbo ambao haikuutunga, wenye mdundo usio wake. Sitaki kuubeza, umepigwa vizuri, na Ashman analicheza gitaa lake humo kwa raha inayosikika. Lakini uliwafundisha RCA somo baya, kwamba bendi hii huuza pale inapofanana zaidi na wengine.

McLaren alikuwa amekwisha kupoteza hamu. Akili yake ilikuwa imehamia New York kwenye hip hop, na Afrika Kusini alikokwenda kurekodi na wanamuziki wa huko kwa ajili ya album yake mwenyewe, Duck Rock, iliyotoka mwaka 1983. Wimbo mmoja wa album hiyo ulifanana mno na ule wa Boyoyo Boys wa Soweto, na jambo likaishia kwa wanasheria. Nakutajia hilo ili uone kwamba yaliyozipata ngoma za Burundi hayakuwa bahati mbaya ya mara moja. Ilikuwa desturi ya kazi.

Album ya mwisho, When the Going Gets Tough, the Tough Get Going, ilitoka mwaka 1983. Mtayarishaji alikuwa Mike Chapman, aliyeifikisha bendi ya Blondie kileleni, na safari hii bendi ilijitungia yenyewe. Mashairi hayakuwa tena ya mtu mzima anayemwekea mtoto maneno mdomoni. Upigaji umekomaa, sauti ya Annabella imepata mwili, na kwa maoni yangu kuna nyimbo tatu au nne humo zinazozidi chochote walichokifanya wakati wa McLaren. Haikuuzwa. Wimbo wake uliotangulizwa, Do You Wanna Hold Me?, uliishia nafasi ya 47 Uingereza. Walikuwa wamechoka kwa ziara zisizokwisha za Marekani, hawakuwa na meneja wa kuwatetea mbele ya kampuni, na kati ya msichana wa miaka 16 na wanaume watatu waliomzidi umri palikuwa na umbali ambao hakuna aliyewahi kuwasaidia kuupunguza. Kabla mwaka haujaisha wale watatu waliamua kuendelea bila yeye, na bila yeye hapakuwa na Bow Wow Wow.

Hiyo ndiyo sababu ya miaka mitatu, ndugu yangu, na ninaomba usikubali maelezo mepesi kwamba mtindo ulipitwa na wakati. Mwaka 1983 ndio mwaka ambao bendi za Kiingereza zenye mavazi na midundo ziliuza Marekani kuliko wakati wowote. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwaambia wapumzike miezi sita, wamlipie mtoto mwalimu na mlezi wa safarini, kisha warudi studio na nyimbo zao wenyewe. Bendi zetu za dansi hapa nyumbani, zilizokuwa mali ya jeshi, mashirika ya umma au jumuiya ya wafanyakazi, zilikuwa na matatizo mengi, lakini mwanamuziki alikuwa na mshahara na daktari. Ndiyo maana baadhi zilidumu miongo. Vijana wa London walikuwa na mkataba tu.

Kuhusu waliyoyapata baadaye nitasema kwa ufupi. Ashman aliunda bendi ya Chiefs of Relief pamoja na Paul Cook, aliyekuwa mpiga dramu wa Sex Pistols, na akafariki Novemba 1995 kwa matatizo ya kisukari akiwa na miaka 35. Barbarossa aliendelea kupiga, na katika miaka ya tisini alikuwa na bendi ya Republica. Annabella na Gorman walikutana tena mwaka 1997 na kufanya ziara kwa jina la zamani.

Na wapiga ngoma wenyewe? Walifika. Julai 1982, wakati I Want Candy ungali katika chati, tamasha la kwanza la WOMAD lililoanzishwa na Peter Gabriel lilifanyika Shepton Mallet, magharibi mwa Uingereza, na wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani. Walipiga wenyewe, na pia walipiga pamoja na Echo and the Bunnymen, bendi nyingine ya wimbi jipya kutoka Liverpool. Vijana wa Kiingereza waliokuwa wamecheza kwa miaka miwili mdundo wa Burundi uliopita kwa Adam na kwa Barbarossa waliwaona kwa mara ya kwanza watu wakiingia na ngoma vichwani, wakizipiga huku wanatembea. Mwaka 1992 kundi hilo lilitoa rekodi yake kwa lebo ya Real World, safari hii kwa jina lake lenyewe, na mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ukipata utulivu, tafuta kile kipande cha mwaka 1967, kisha Go Wild in the Country, uvisikilize kwa mfuatano huo. Katika cha kwanza amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika, ibishikizo huzifuata amri, na katikati inkiranya, ngoma ya kiongozi, huziita nyingine na kuzigeuza. Utasikia kundi zima likihama kwa pamoja pale inapotamka. Katika cha pili Barbarossa amezibeba amashakwe na ibishikizo kwa mikono yake miwili, na kwa mtu mmoja hiyo ni kazi kubwa. Inkiranya ndiyo isiyosikika, na nadhani ndiyo uliyoitafuta usiku ule ukiwa barabarani.